Mfano wa Nyumbani

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati, na kila mteja aliyepakiziwa mabati kule chini alisikika hewani. Wasikilizaji walishazoea. Kuna watu mjini humo ambao Kiingereza chao chote wamejifunza huku bati likilia, na wala hawalalamiki, maana aliyewafundisha walimpenda.

Huyo walimwita Mwalimu wa Saa Kumi, kwa kuwa kipindi chake kilianza saa kumi alasiri na kuisha kabla chai haijapoa. Hakufundisha kwa kitabu. Vitabu, alikuwa akisema, vimejaa watu wasiougua wala kugombana. Kutwa wanakwenda sokoni na kurudi. Yeye alitaka mfano wa nyumbani. Ukimpa neno la Kiingereza atalivua viatu, atalikaribisha jikoni, kisha atamtafuta mtu wa kulibeba. Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, alishabeba maneno mengi bila malipo: uchoyo, kukoroma, kuahirisha mambo. Wifi yake alibeba wivu na subira katika wiki moja. Alichobadilisha Mwalimu ni mwanzo tu: "Kuna jirani yangu mmoja," au, "Namjua bwana mmoja hapa mtaani." Kaka mtu akirudi jioni husema, "Leo umenitafuna mpaka mifupa," na wote wanacheka, kwa sababu kutafunwa na wa kwenu hakuumi sana.

Mtu mmoja tu hakuguswa, naye ni mama yao.

Mama alikuwa opereta wa simu zamani zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, ilikubidi kwanza uongee na yeye. Aliketi mbele ya ubao wa matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, Kiingereza kikimtoka bila kukwama, na wakubwa wa maofisi wakimwomba kwa upole awaunganishe. Mwalimu aliipata lugha hiyo mapajani pa mama huyo. Hakuna alichokuwa akiwauzia watu saa kumi ambacho hakikutoka dukani kwa mama.

Sasa akili ya mama ilikuwa inakwenda na kurudi. Asubuhi anaweza kumkosoa wifi namna ya kukunja shuka, tena kwa haki, na mchana akauliza hii nyumba ni ya nani. Akirudi hakumbuki alikokuwa. Kwa hiyo watoto wake walikaa kikao, na Mwalimu ndiye aliyetoa wazo: asiambiwe. Viatu vikikutwa ndani ya friji, vinatolewa kimya kimya. Akiuliza, "Kwani nimelala?" anajibiwa, "Umesinzia kidogo, mama." Siku moja alimshika Mwalimu mkono, akaubana. "Niambie ukweli wewe," alisema, "hawa wengine wananiogopa. Naharibika?" Mwalimu alimtazama kwa macho makavu, akajibu, "Hapana, mama. Ni uchovu tu. Kungekuwa na kitu, mimi ningekuwa wa kwanza kukwambia." Mama aliamini, akauachia mkono.

Siku ya mkasa wenyewe, mama aliamka akamwita Mwalimu "Dada," akidhani ni mama mkubwa aliyefariki zamani, na akataka wasindikizane shule. Mwalimu alimfunga vifungo vya sweta, akamwacha na wifi, akajisemea njiani kwamba leo mama hayupo. Shika hilo, maana ndilo lililomponza.

Somo lilikuwa maneno ya mambo yasiyotulia: yanayokuja na kukatika, yanayotokea bila mpango, yanayofanywa kidogo kidogo. Kwa Kiswahili mtu hujiokoa na "mara moja moja" au "kwa vipindi", akaelewana na wenzake na maisha yakaendelea. Waingereza wana neno kwa kila aina ya kutotulia, utadhani walikuwa na muda mwingi sana wa kusubiri.

Alianza vizuri. Neno piecemeal alimpa kaka yake: bwana mmoja mtaani anajenga kipande kwa kipande, geti lake linapita mageti yote kwa uzuri, na ukilifungua unakuta nyasi. Fitful alimpa wifi: usingizi wa mke wa mtu anayekoroma, unalala, unashtuka, unalala, unashtuka. Sporadic aliyapa maji ya bomba, yanayotoka siku yakipenda. Intermittent akaipa feni ya studio, ambayo wakati huohuo ilizunguka, ikasimama, ikafikiri, ikazunguka tena. Fundi mitambo nyuma ya kioo alicheka. Kisha simu ikaingia.

Alikuwa kinyozi, msikilizaji wa siku zote, na nyuma yake mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.

"Mwalimu, mimi bado," alisema. "Hiyo sporadic na hiyo intermittent naona ni kitu kimoja. Si zote zinakuja na kuondoka? Maji na feni, yote yananisumbua sawa."

Mwalimu alijua tofauti yake kama anavyojua njia ya kwao. Lakini kujua ni kitu kimoja na kueleza ni kingine. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Hewani, kimya ni dhambi. Fundi mitambo alikuwa ameshaanza kuzungusha kidole, sema, sema chochote. Hata mabati chini yalikuwa yametulia siku hiyo, bahati mbaya. Ndipo ulimi, ambao hauna mfupa, ukajiendea wenyewe.

"Chukua mama mmoja ninayemjua," alisema. "Mtu mzima. Akili yake ni intermittent. Yaani ipo, inakatika, inarudi, inakatika tena, siku hiyohiyo moja. Anakunja nguo vizuri kabisa, akimaliza anachukua viatu anaviweka kwenye friji. Umenipata? Sasa zile siku zake nzima nzima, za kuwa salama kutoka asubuhi mpaka jioni, hizo ndizo sporadic. Moja leo, nyingine hujui lini. Huwezi kuzipangia safari."

"Viatu kwenye friji?" kinyozi aliuliza.

"Vya ngozi. Vimepoa vizuri."

Kinyozi aliangua kicheko, na mteja kwenye kiti chake naye akasikika akicheka. Fundi mitambo alikuwa ameinamia mashine, mabega yakimtikisika. Mwalimu akaona amewashika, na mtu akishawashika watu kwa kicheko haachii mapema.

"Na huyo mama," aliongeza, "zamani alikuwa opereta wa simu. Siku hizi laini zinajiunga zenyewe. Unampigia wewe, anaongea na marehemu."

"Mwalimu, hapo nimeelewa," kinyozi alisema, akihema. "Hapo sisahau mpaka naingia kaburini."

Wazee walishasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na redio ina kuku wengi kuliko soko lolote. Lakini tusimpendelee: alipoinuka kwenye kiti kile hakuona aibu hata kidogo. Aliona fahari. Ulikuwa mfano bora kuliko yote aliyowahi kutoa, ulieleza maneno mawili kwa mpigo mmoja, na fundi mitambo alimwinulia dole gumba kupitia kioo. Alishuka ngazi akiimba.

Mwenye duka la pembeni alimwona kwa mbali. "Mwalimu, leo umetumaliza," alisema. "Yule bibi wa friji nitamwota." Mwalimu akacheka naye, akanunua sabuni.

Mbele kidogo palikuwa na mshonaji, mama wa makamo aliyeweka cherehani yake barazani na redio ndogo juu ya mafungu ya vitambaa. Huyo hakucheka. Aliweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, ikanyamaza.

"Pole na mama," alisema.

"Mama yupi?" Mwalimu aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ilivyokuwa ya uongo.

"Mwanangu, opereta wa simu hapa mjini tulikuwa naye mmoja tu." Akaondoa kiganja, akaendelea na mshono wake.

Kuanzia hapo Mwalimu hakuimba tena. Uso ulipata moto, akajiona anapita barabarani kama mtu ambaye nguo yake imechanika nyuma na kila mtu ameona isipokuwa yeye. Kila aliyemwamkia alimpa jibu fupi na kuangalia chini. Alijifariji kwa jambo moja: mama hayupo leo. Asubuhi alitaka kwenda shule. Hata kama redio ilikuwa wazi, hapakuwa na mtu wa kuisikia. Na ona binadamu alivyo. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa ugonjwa wa mama yake mzazi.

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Hakuitikia salamu.

"Leo alikuwa mzima," alisema, bado amempa mgongo. "Ulipotoka tu alikaa kidogo, akaniita kwa jina langu, akaomba nimchane nywele. Mpaka sasa ni mzima."

Mwalimu alitazama dirisha la sebule. "Na redio?"

"Nilitaka kuizima. Akanikataza. Akasema acha, mwanangu anaongea."

"Akasikia yote?"

"Mimi nilitoka nje, wifi. Nilishindwa kukaa pale." Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja upya. "Niliporudi alikuwa amevua viatu, ameviweka mapajani, anavitazama."

"Akasema nini?"

"Hajasema kitu. Aliomba chai."

Mama alikuwa sebuleni, nywele zimechanwa na kubanwa nyuma, mikono imetulia juu ya magoti. Mwalimu alimwamkia, shikamoo, akaitikiwa, marahaba, kwa sauti ya kila siku. Aliulizwa mbona amechelewa, akasema alipita dukani kununua sabuni. Aliitoa na kuionyesha, kana kwamba kuna aliyebisha. Maneno alikuwa nayo tayari kinywani: mama, nimekukosea. Yalikuwa mafupi kuliko mfano wowote aliowahi kutoa, na yalikataa kutoka. Akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

Pale jikoni ndipo alipofikia mahali ambapo angependa asingefika. Jioni, giza likianza kuingia, ndiyo ilikuwa saa mbaya ya mama; mara nyingi mwanga ukiondoka naye aliondoka. Mwalimu alilijua hilo. Akawa anafuta kikombe na kuchungulia sebuleni, anafuta na kuchungulia, kama mwizi anayengoja mwenye nyumba apitiwe na usingizi. Alikuwa anangoja mama yake asahau. Alijikamata akifanya hivyo, akaona haya peke yake mbele ya sinki, mpaka masikio yakamwaka. Kisha akaendelea kungoja.

Mama alimwita, naye akaenda akijifuta mikono kwenye sketi.

"Leo kazini umefundisha nini?" mama aliuliza.

Aliuliza kwa upole, uso umeelekea dirishani, kama mtu ambaye kutwa nzima hakusikia redio. Mwalimu aliutazama uso ule. Ulikuwa mtulivu, hauna swali jingine nyuma yake. Au ndivyo alivyotaka kuuona. Amesahau, akajisemea. Imekatika.

"Rangi," alijibu. "Majina ya rangi tu, mama."

"Rangi," mama alirudia. "Haya. Rangi hazimsumbui mtu." Akaomba asaidiwe kuinuka, akaenda kulala mapema.

Mwalimu alikula vizuri usiku ule. Alijiongeza chakula, wifi akimtazama. Kaka yao aliporudi, shati linanuka chuma kilichoungua, alikuwa na maneno mdomoni tangu mlangoni, na Mwalimu aliwahi kuyazuia.

"Hakumbuki," alimnong'oneza. "Nimemjaribu mwenyewe. Tuyaache yapite."

Kaka alivuta kiti, hakukaa. "Mimi ukinitafuna, nina meno ya kukujibu," alisema. "Yule je?" Hakungoja jibu, akaenda kuoga. Mwalimu alimwona kaka yake kuwa mtu wa kukuza mambo. Alipojilaza usingizi ulimchukua palepale, na hilo nalo ni la kuonewa aibu.

Asubuhi alimkuta mama mezani. Alikuwa ameshavaa, ameshatandika kitanda, na mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya chai aliyoichemsha mwenyewe.

"Kaa," mama alisema.

Mwalimu akakaa.

"Jana nilikusikia redioni. Nikangoja urudi, nikijua utaniambia mwenyewe. Ukaniletea sabuni." Mama hakuinua sauti. "Nikasema labda anaona haya, ngoja nimfungulie mlango aingie. Nikakuuliza umefundisha nini."

Mwalimu alitazama chai yake.

"Ukaniambia rangi."

"Mama..."

"Subiri nimalize, maana sijui nina muda gani. Mlivyocheka, sikufurahi, lakini nisingekufa. Nimekaa kwenye simu ujana wangu wote, nimesikia watu wakisemwa na watoto wao, wakisemwa na wake zao. Najua mdomo unavyoteleza. Ila ile rangi imeninyima usingizi. Nimelala najiuliza, huyu ameniambia rangi mara ngapi? Nikiuliza kama nimelala, mkasema nimesinzia, ile ilikuwa rangi? Siku niliyokushika mkono nikakuuliza?"

Hapakuwa na kioo wala fundi mitambo wa kuweka muziki. Mwalimu alishindwa kuinua kichwa mbele ya mwanamke aliyemfundisha kusema.

"Ilikuwa rangi, mama," alisema. "Zote zilikuwa rangi."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikidhania. "Basi nieleze leo. Mimi nikiondoka sijioni. Nieleze ninavyokuwa. Kazi yako si kueleza?"

Akamweleza. Alianza na viatu, kwa kuwa hivyo vilishajulikana na dunia nzima. Akaenda kwenye siku aliyotoka na nguo ya kulalia mpaka getini, akamngoja mumewe aliyezikwa zamani. Akasema habari za jiko lililoachwa linawaka, na wifi aliyepigwa kofi akalia chooni ili asionekane. Akasema siku ambayo kaka aliingia na mama akaficha pochi yake chini ya mto, akimnong'oneza binti yake kwamba kuna mwanamume asiyemfahamu ndani. Yalikuwa mambo yaleyale ambayo hewani yangewavunja watu mbavu, na pale mezani hayakuchekesha hata moja. Mama alisikiliza. Mara alisema, "Hilo nalikumbuka kwa mbali." Mara alisema, "Hilo hapana." Aliposikia habari ya kofi alifunika mdomo kwa mkono, na Mwalimu akataka kuacha, lakini mama akamwashiria aendelee.

Mwalimu alifumba macho ili aweze kumaliza.

"Halafu jana nikakuanika mbele ya watu wote," alisema. "Si kwa sababu nilikosa mfano mwingine. Walikuwa wanacheka, na mimi napenda watu wakicheka. Nilijua ni siri yako, nikajiambia leo haupo, hutasikia. Niliporudi nikakuta umesikia, na badala ya kukuomba radhi nikawa nangoja usahau. Nilikuchungulia kutoka jikoni nikiomba uondoke, ili mimi nisione aibu. Wewe unaogopa kupotea, na mimi mtoto wako nakuombea upotee. Nimekukosea, mama. Naomba unisamehe."

Alikuwa analia, na hakujali. Alipofumbua macho, mama alikuwa anamtazama kwa huruma, kichwa kimeinama kidogo upande, kwa adabu ile anayopewa mgeni. Mama alisogeza sukari karibu naye.

"Pole sana, binti," alisema. "Usilie, kunywa chai. Haya mambo yapo, wewe si wa kwanza." Akampigapiga kiganja. "Na huyo mama yako, amekusamehe?"

Jana Mwalimu angejua la kufanya na pengo kama lile. Angeingia, angelitumia, angetoka mtu huru. Ndiyo, amenisamehe, yameisha: jibu lilikuwa palepale karibu na mkono, na hakuna duniani ambaye angelipinga. Hakujua mama amefika wapi, mbali au karibu, na safari hii hakumchungulia usoni ili ajue.

"Bado, mama," alisema. "Ndiyo kwanza namwomba."